Utaratibu wa Masomo ya Jamii katika Shule za Kati: Asili Yake na Mapito Yake

Mzazi anapomuuliza mtoto wake habari za shule, aghalabu humuuliza amefundishwa nini, na mara chache sana humuuliza kwa nini jambo hili lilitangulia na lile likafuatia. Hata hivyo, kwa mtu anayeyachunguza mambo ya elimu kwa makini, utaratibu wa masomo una uzito ulio sawa na masomo yenyewe. Kwani habari iliyo kweli na yenye manufaa, ikimfikia mwanafunzi kabla hajapata msingi wa kuishika, humpitia bila ya kumwachia athari yoyote, ilhali habari hiyo hiyo, ikimfikia kwa wakati wake, humfanya azifahamu kwa wepesi na habari nyingine ambazo mwalimu hakupata nafasi ya kumweleza. Katika masomo yote ya shule hakuna ambayo jambo hili ni dhahiri zaidi kuliko masomo ya jamii, yaani historia, jiografia na uraia. Na hakuna miaka ambayo utaratibu wake umebishaniwa zaidi kuliko ile ya kati, baina ya utoto wa kujifunza kusoma na ujana wa shule ya sekondari.

Watu wa mwambao walikuwa na utaratibu wao wa ilimu kabla ya shule za serikali kufika. Mtoto aliyepelekwa chuoni alianza na herufi, kisha irabu, kisha sura fupi za mwisho wa Msahafu zilizomo katika Juzuu Amma, akaendelea polepole kuelekea sura ndefu mpaka akahitimu. Na kijana aliyetaka kukaa darasani kwa shehe alishika kitabu kimoja baada ya kingine, Safina katika fiqihi na Ajurumiya katika nahau, wala hakuruhusiwa kukiendea kitabu kikubwa mpaka kile kidogo kimemkaa. Mwenye fahamu nyepesi alimaliza mapema, mwenye fahamu nzito alichukua muda wake, na hapakuwa na mtihani wa kumtoa mtu nje kwa sababu ya upungufu wa nafasi. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, kwa kuwa watoto wengi walihifadhi maneno ambayo maana yake hawakuijua mpaka ukubwani, na historia ya miji yao wenyewe ilibaki vinywani mwa wazee na katika tenzi. Lakini katika jambo moja ulikuwa na insafu kubwa, nalo ni kwamba kila hatua iliwekwa mahali pake kwa sababu hatua iliyofuata iliihitaji.

Shule ya kisasa ilikuja na kanuni nyingine. Iliwagawa watoto kwa miaka, ikaipa kila miaka kadhaa mwisho wake, na katika kila mwisho ikaweka mlango ambao wengi walitokea na wachache wakaendelea. Maadamu mlango upo, wenye kutunga mafunzo hulazimika kujiuliza mtoto anayetoka leo anapaswa kuwa amekwisha kujua nini, na swali hilo, ambalo ni la haki, mara nyingi limelimeza swali jingine lililo kubwa zaidi: mtoto anayejifunza anahitaji kujua nini kwanza ili aweze kulifahamu la pili? Historia ya masomo ya jamii katika shule za kati, Marekani na Afrika Mashariki, ni historia ya maswali haya mawili yakishindana, na mara nyingi la kwanza likishinda.

Tuanze na Marekani, kwa sababu huko ndiko utaratibu ulikotungwa ambao baadaye ulivuka bahari. Mwezi wa Disemba 1892 walikutana katika mji wa Madison, Wisconsin, wanazuoni wa historia na siasa, miongoni mwao Woodrow Wilson aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo, wakapendekeza historia ifundishwe miaka minane mfululizo: visa vya watu mashuhuri na ngano za kale katika darasa la tano na la sita, historia ya Marekani na misingi ya serikali katika la saba, Wayunani na Warumi katika la nane, kisha Ufaransa, Uingereza na Marekani tena katika shule ya juu. Mwaka 1899 kamati nyingine ya wanahistoria ikapanga miaka minne ya shule ya juu kwa mafungu makubwa, kuanzia zama za kale na kuishia Marekani. Mipango hiyo ilikuwa ya watu wenye ilimu kubwa, na ilikuwa na mantiki ya zamani kutangulia na sasa kufuatia. Lakini ilimdhania mwanafunzi asiyeondoka, ilhali watoto wengi wa Marekani wa siku zile waliiacha shule wakiwa na umri wa miaka kumi na minne au hata kabla yake, wakaenda viwandani na mashambani, wakiwa wamewajua Wayunani kuliko walivyoijua serikali ya mji wao.

Kwa ajili hiyo, miji kama Columbus katika Ohio na Berkeley katika California ilianzisha, mnamo mwaka 1909 na 1910, shule za kati za darasa la saba mpaka la tisa, ili mtoto apate sababu ya kubaki mwaka mmoja zaidi. Shule hizo zilihitaji mpango mpya wa masomo, na kamati iliyoutunga, ambayo taarifa yake ilitoka mwaka 1916, iliongozwa na mtu ambaye jina lake linastahili kukumbukwa na kila mwalimu wa Afrika Mashariki, yaani Thomas Jesse Jones.

Jones alizaliwa Wales mwaka 1873, akahamia Marekani angali mtoto, na mwanzoni mwa karne ya 20 akafundisha katika chuo cha Hampton, Virginia, kilichoasisiwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu Weusi waliotoka utumwani, ambacho baadaye kilipokea pia wanafunzi wa makabila ya wenyeji asilia wa Marekani. Huko Hampton aliyakusanya mambo ya uraia, uchumi, hesabu za sensa na maisha ya jamii akayafanya somo moja, akiwafundisha vijana kuyachunguza maisha ya watu wao, afya zao, nyumba zao na kazi zao. Njia yake ya kufundisha kwa kuchunguza yaliyo karibu ilikuwa na faida isiyokanika. Lakini ndani yake mlikuwa na fundisho lingine, kwamba mtu Mweusi asubiri, ajiendeleze polepole kwa kazi na nidhamu, na asiharakishe kudai haki ambazo taifa lilimnyima. W. E. B. Du Bois na Carter G. Woodson, wanazuoni Weusi wa zama hizo, waliliona jambo hilo wakalipinga hadharani, hususan baada ya taarifa ya Jones juu ya elimu ya watu Weusi kutoka mwaka 1917. Na upinzani wao unatufunza kwamba anayeamua mtoto aanze na lipi ameamua pia mtoto huyo aishie wapi.

Kamati ya 1916 ilipanga mambo hivi: katika darasa la saba, jiografia pamoja na historia ya Ulaya, katika la nane, historia ya Marekani pamoja na uraia, katika la tisa, uraia ukiendelea, safari hii ukielekezwa kwenye uchumi na kazi za watu. Kisha duru ya pili ikaanza katika shule ya juu, historia ya Ulaya na ya Marekani zikirudiwa kwa kina, na mwaka wa mwisho ukawekewa somo la matatizo ya demokrasia. Msomaji ataona kwamba sababu kubwa ya kuwa na duru mbili ilikuwa ule mlango wa darasa la tisa, kwa kuwa anayeondoka hapo alitakiwa awe amekwisha kuona yote, ijapokuwa kwa juu juu. Lakini ndani ya mpango huo mlikuwa na busara ambayo wengi walioufuata waliisahau: jiografia na historia ziliwekwa pamoja katika mwaka wa kwanza ili zisaidiane, na uraia, uliofafanuliwa na katibu wa kamati Arthur William Dunn, ulianzia kwenye mambo ambayo mtoto huyaona kila siku, kama vile maji ya mji, barabara na afya, kabla ya kufika kwenye katiba na mabunge.

Baada ya hapo Jones, akiwa mkurugenzi wa elimu wa Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, alileta tume mbili Afrika: ya kwanza Afrika ya Magharibi na Kusini mwaka 1920 na 1921, na ya pili Afrika ya Mashariki na ya Kati mwaka 1924. Alifuatana katika safari zote mbili na James Aggrey, mwana wa Ghana ya leo, ambaye maneno yake ya hekima yalikumbukwa na Waafrika wengi waliomsikia. Tume ya pili ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na taarifa yake, pamoja na waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1925 uliotaka elimu ilinganishwe na mila, kazi na mazingira ya watu, ikawa dira ya shule za makoloni kwa miaka mingi. Mwaka huo huo wa 1925 ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, shule ya kufundishia walimu wa vijijini kwa mfano wa Marekani ya kusini, na mkuu wake wa kwanza, James Dougall, alikuwa katibu wa tume ile. Hivyo ndivyo fikira zilizolelewa Hampton zilivyofika kwetu: mtoto aanze na nyumba, kijiji, afya na shamba.

Fikira hiyo ilikuja na kheri yake na shari yake. Kheri ni kwamba ilimpa mtoto wa Kiafrika ruhusa ya kuanza na nchi yake. Katika Tanganyika, W. B. Mumford alijaribu huko Malangali, katika nyanda za juu za kusini, mwishoni mwa miaka ya 1920, kujenga shule juu ya mila za wenyeji, wazee wakialikwa kusimulia habari za kabila na vijana wakicheza ngoma za kwao. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na idara ya elimu mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa waandishi wenyeji. Shari ni kwamba mlango wa nje ulibaki palepale. Mtoto aliyefundishwa habari za kijiji alijua, na baba yake alijua zaidi, kwamba kazi ya karani, tarishi au mwalimu haikupatikana kwa habari za kijiji, ila kwa Kiingereza na hesabu. Na mwenye kuambiwa kila siku ajifunze ya kwao peke yake, ilhali wanaomtawala wanajifunza ya dunia nzima, ana haki ya kushuku nia ya mwalimu. Ndiyo sababu majaribio ya namna ya Malangali hayakudumu, wala hayakupendwa na wale waliokusudiwa kufaidika nayo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Tanganyika ilipata shule za kati kwa maana halisi. Mpango wa elimu wa miaka ile uliigawa safari ya mwanafunzi mafungu matatu ya miaka minne minne: shule ya chini mpaka darasa la nne, shule ya kati kutoka la tano mpaka la nane, na sekondari kutoka la tisa mpaka la kumi na mbili. Mwishoni mwa la nne palikuwa na mtihani, na mwishoni mwa la nane palikuwa na mwingine, na katika kila mtihani wengi walirudi nyumbani. Masomo ya jamii yalipangwa kwa kuifuata milango hiyo: madarasa ya chini yalishika kabila, wilaya na nchi, shule ya kati, ambayo ilitiliwa mkazo wa kilimo, ilipanuka kuelekea Afrika na himaya ya Uingereza, na humo wasafiri wa Kizungu wakapewa nafasi ya watu waliozigundua nchi zetu, kana kwamba wenyeji wake walikuwa bado hawajaziona. Vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa na wenyeji vilikuwa vichache, ingawa shirika la maandiko la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilitoa kazi za thamani kama kile kitabu cha Mathias Mnyampala cha mwaka 1954 juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Vitabu vya namna hiyo vilisomwa kwa mapenzi, bali utaratibu wa masomo haukuvipa mahali palipovistahiki.

Uhuru ulileta mabadiliko mawili yaliyogusa jambo hili moja kwa moja. La kwanza lilitoka kwa wanahistoria. Chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambako somo la historia lilianza kufundishwa chini ya Terence Ranger, kilipokea mwaka 1965 mkutano mkubwa wa wanahistoria wa Afrika. Chama cha historia cha Tanzania kikaundwa mwaka 1966. Na mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu wakatoa kitabu cha historia ya Tanzania kilichowaweka Waafrika mbele kama watendaji wa mambo yao. La pili lilitoka kwa Mwalimu Julius Nyerere. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwezi wa Machi 1967, alieleza kwa ufasaha kwamba shule ya msingi isiwe ngazi ya kuwapandisha wachache, ila iwe elimu iliyokamilika yenyewe kwa wale wengi wasioendelea, na kwamba umri wa kuanza shule uongezwe ili anayemaliza awe amekomaa kiasi cha kufaa katika jamii. Darasa la nane lilikuwa tayari linaondolewa, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia mpaka la saba, na mtihani wa darasa la nne ukafutwa mwaka 1973. Hapo serikali ya Kiafrika iliukabili mlango wenyewe badala ya kuyapanga masomo kwa kuufuata, na jambo hilo ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyofanywa katika elimu ya Afrika.

Wakati huo huo mazungumzo ya nchi nyingi yalikuwa yakiendelea. Baada ya kikao cha Oxford cha Septemba 1967, walimu na watunga mafunzo wa nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa mwezi wa Agosti 1968, wakakubaliana kwamba historia, jiografia na uraia zifundishwe kwa kuunganishwa, zikimweleza mtoto uhusiano wa watu na mazingira yao, zikimjengea heshima ya asili yake, na zikimzoeza kuchunguza na kuamua. Kutokana na kikao hicho kukatokea mpango wa Kiafrika wa masomo ya jamii wenye makao yake Nairobi. Mojawapo ya mashirika yaliyosaidia vikao hivyo lilikuwa Education Development Center la Massachusetts, ambalo wakati huo lilikuwa likitengeneza pamoja na mwanasaikolojia Jerome Bruner mafunzo ya watoto wa miaka kumi hivi juu ya ubinadamu, yakianzia na samaki na ndege, yakipita kwa nyani wa Afrika Mashariki, na kuishia kwa watu wa Netsilik wa kaskazini ya Kanada. Bruner aliamini kwamba fikira kubwa yaweza kufundishwa kwa mtoto wa umri wowote iwapo itapangwa kwa namna inayomstahiki, kisha irudiwe kwa kina zaidi kadiri anavyokua. Mafunzo yake yalipingwa vikali na baadhi ya wazazi na wabunge wa Marekani, hata mwaka 1975 Bunge likayakatia fedha. Na somo tunalolipata hapo ni kwamba utaratibu mpya wa masomo ya jamii, hata ukiwa na ilimu ya namna gani, haudumu ikiwa wazazi hawakushirikishwa katika kuufahamu.

Sasa tuutazame ule utaratibu ambao Marekani na Afrika Mashariki zimeushika kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote: kuanza na nyumba, kisha kijiji, wilaya, nchi, bara, na mwisho dunia. Paul Hanna wa chuo kikuu cha Stanford aliupa nguvu huko Marekani, na mitaala yetu imeufuata karibu neno kwa neno. Wazo lake ni jema, kwa maana mtoto hufahamu kwa urahisi yale anayoyagusa. Lakini ukaribu wa mahali si sawa na ukaribu wa maisha. Mtoto wa Lamu, wa Bagamoyo au wa Mkokotoni amesikia habari za Maskati na Sur kabla hajasikia habari za mkoa wa jirani. Ndugu zake wamesafiri, chakula chake kimevuka bahari, na jina la babu yake huenda limeandikwa katika nasaba inayoishia Hadhramaut. Kumwambia mtoto huyo asubiri mpaka darasa la saba ndipo afundishwe Bahari ya Hindi ni kumtenga na maisha yake mwenyewe kwa sababu ya mduara uliochorwa na mtu asiyeujua mji wake.

Fauka ya hayo, mpango huu wa miduara inayopanuka kutoka nyumba mpaka dunia hautuambii jambo lililo la lazima zaidi, nalo ni uhusiano wa somo na somo. Historia ya Kilwa haifahamiki bila ya pepo. Mwanafunzi aliyejifunza katika jiografia kwamba kaskazi huvuma takriban tangu Disemba mpaka Machi na kusi huvuma kuanzia Aprili, na kwamba chombo kilichoteremka kutoka Uarabuni kilipaswa kungoja upepo wa kurudi, atafahamu mwenyewe kwa nini mabaharia walikaa miezi mwambaoni, kwa nini walioa, kwa nini miji ya mawe ikasimama, kwa nini dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa, na kwa nini Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alikuta mji wenye utajiri na dini. Akifika kwa Wareno waliokuja mwaka 1498 na kuuteka mji huo mwaka 1505, atakuwa na la kuuliza. Lakini aliyehifadhi miaka hiyo mwaka mmoja, na kufundishwa pepo mwaka wa pili yake, hajafundishwa chochote kati ya viwili hivyo.

Kadhalika Maji Maji. Anayefundishwa kwamba vita vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905 atakumbuka mahali na mwezi. Bali yule ambaye katika mwaka huo huo amejifunza katika jiografia jinsi pamba inavyolimwa na nguvu inazohitaji wakati ule ule mashamba ya chakula yanapohitaji mikono, na katika uraia maana ya kodi na ni nani mwenye haki ya kuitoza, atafahamu kwa nini watu wa lugha na makabila mbalimbali, kuanzia Rufiji mpaka Songea, waliungana dhidi ya bunduki za Wajerumani, na kwa nini njaa iliyofuatia iliua wengi kuliko risasi. Masomo matatu, kila moja kwa wakati wake, humpa mtoto fahamu moja iliyo timilifu. Masomo hayo hayo yakitawanywa katika miaka mitatu bila ya mpango humwachia majina ya watu na tarakimu.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba mabadiliko mengi ya miaka yetu yamekuwa ya kuunganisha na kutenganisha majina ya masomo badala ya kupanga uhusiano wake. Nchini Tanzania, baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, somo la siasa liliondolewa na uraia ukachukua nafasi yake. Katika miaka ya 1990 historia, jiografia na uraia zikaunganishwa kuwa Maarifa ya Jamii. Mtaala wa mwaka 2005 ukazitenganisha. Mtaala uliofuata katikati ya miaka ya 2010 ukairejesha Maarifa ya Jamii na kuweka Uraia na Maadili kando. Na mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, katika elimu ya msingi ya miaka sita, ukaleta Historia ya Tanzania na Maadili pamoja na Jiografia na Mazingira. Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliziweka historia, jiografia na uraia katika karatasi moja ya mtihani, na mfumo mpya wa umilisi umeunda tena ngazi ya kati, kuanzia gredi ya nne mpaka ya tisa, ambayo gredi yake ya saba ilianza mwezi wa Januari 2023. Kila badiliko lilikuwa na sababu ambazo watungaji wake waliziamini, na baadhi ya sababu hizo ni nzuri. Lakini mwalimu aliyefundishwa kazi yake chini ya mpango mmoja, akaanza kufundisha chini ya wa pili, na sasa anaambiwa ajiandae kwa wa tatu, hana nafasi ya kugundua ni somo gani linalolisaidia lipi, na ugunduzi huo hauwezi kufanywa na mtu mwingine yeyote kwa niaba yake.

Kutokana na historia hii ndefu, hukumu tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni kwamba mlango wa kutokea usiwe ndio mtunga masomo: mtoto anayeishia ngazi ya kati atafaidika zaidi na mambo machache aliyoyafahamu kwa uhusiano wake kuliko mambo mengi aliyoonyeshwa kwa haraka kabla ya kuondoka. Ya pili ni kwamba jiografia itangulie au ifuatane na historia inayoitegemea, na uraia uje pale historia ilipokwisha kumwonyesha mtoto kwamba sheria na serikali ni kazi za watu zinazoweza kutengenezwa vizuri au vibaya. Ya tatu ni kwamba mpango wa taifa uache nafasi kwa kila sehemu kuanza na yale yaliyo karibu na maisha ya watoto wake, iwe bahari kwa mtoto wa mwambao, ziwa kwa mtoto wa Mwanza, au ufugaji kwa mtoto wa Monduli, mradi wote wafike pamoja kwenye taifa, Afrika na dunia.

Kwa wenye dhima ya kutunga mitaala katika nchi zetu, ombi langu ni hili: kabla ya kubadili tena majina ya masomo, ketini na walimu wa madarasa haya ya kati, muwaulize ni katika mwezi gani na katika mada gani watoto wao hupotea, mlitengeneze jambo hilo kwanza, kisha muuache mpango huo ukae miaka ya kutosha mpaka kizazi kimoja kizima cha wanafunzi kipite ndani yake. Na kwa mzazi asomaye haya, daftari la mtoto wako litakuonyesha mengi kuliko matokeo ya mtihani wake: lifungue, utazame lipi lilitangulia na lipi likafuatia, na ukimwona amefundishwa Kilwa bila ya pepo, nenda shuleni ukaulize kwa adabu sababu yake.